Futurama: episodi tatu ambazo mpwa wangu huziruka

Mpwa wangu ana kidole chepesi. Jumamosi jioni anakuja kwangu Kirumba, flashi imening'inia shingoni kama hirizi, anaichomeka kwenye tivii, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake Futurama imeshaanza. Katuni yenyewe naipenda, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kile kidole. Likitokea jina la episodi asiyoipenda anabonyeza, anaruka, na tunaishia tena kwenye ile ya mbwa wa Fry.

Ile ya mbwa, Jurassic Bark ya 2002, inaliza. Hilo halina ubishi. Mimi mwenyewe niliwahi kuinuka katikati yake nikaenda jikoni kuangalia kama mkaa umezimika, na siku hiyo tulikuwa hatujawasha jiko. Lakini kumsifia mtu Jurassic Bark ni kama kumwambia pilau ni tamu. Ninazotaka kuzitetea ni zile ambazo kidole kinaziruka, na nitazitetea kwa macho ya kazi yangu. Kazi yangu ni samaki. Nashinda kwenye mialo ya Ghuba ya Mwanza na ubao wa kupimia urefu, mizani, na daftari ambalo mke wangu haliruhusu kuingia ndani.

Kwa ambaye hajaiona: ni katuni ya Marekani iliyoanza 1999, ya Matt Groening, aliyeiendeleza pamoja na David X. Cohen. Kijana Fry, mpeleka pizza, anagandishwa kwa bahati mbaya usiku wa kuamkia mwaka 2000 na kuzinduka miaka 1,000 baadaye. Anapata kazi kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi angani, mali ya babu mmoja msahaulifu, Profesa Farnsworth. Rubani ni Leela mwenye jicho moja. Bender ni roboti mwizi anayetumia pombe kama injini inavyotumia dizeli. Daktari wao ni Zoidberg, kiumbe mwenye magando ambaye hajui figo ya binadamu iko upande gani.

Cohen alisomea fizikia na sayansi ya kompyuta, na mwandishi mwenzake Ken Keeler ana shahada ya uzamivu ya hisabati. Inaonekana hata kwenye mambo madogo. Katika episodi moja ya 1999 Fry anakuta senti zake 93 benki zimekaa miaka 1,000 kwa riba ya asilimia 2.25 na kuwa dola bilioni 4.3. Niliingiza kwenye kikokotoo, nikapata bilioni 4.28. Mtu anayekokotoa riba sawasawa kwa ajili ya mzaha wa sekunde kumi, hata anapoonekana anafanya upuuzi mimi humpa muda.

Sasa, ya kwanza ni The Birdbot of Ice-Catraz, ya 2001. Mpwa wangu anasema ni ya watoto kwa sababu ina pengwini. Meli ya mafuta ya angani inapita kwenye hifadhi ya pengwini huko Pluto. Leela amejiunga na waandamanaji wanaoipinga, kwa hiyo usukani anapewa Bender. Na Bender, kwa hasira, anaendesha bila kulewa, jambo ambalo kwa roboti wa aina yake ni hatari, na meli inapasuka. Mafuta yanamwagika juu ya pengwini. Hapo mtazamaji anasubiri ndege wafe wamelowa mafuta, kama tulivyozoea kuona kwenye taarifa za habari. Badala yake wanazaana. Mafuta yamewazidishia uzazi, mayai yanatoka kwa makumi, hata madume yanataga, na baada ya muda mfupi Pluto nzima haina pa kuweka mguu. Wale wale waliobeba mabango ya kuwalinda pengwini wanagawana bunduki ili kuwapunguza, wakieleza kwa upole kabisa kwamba ni kwa faida ya pengwini wenyewe.

Kila ninapofika hapo nacheka peke yangu, na mpwa wangu ananitazama kama nimepigwa na jua. Hajui kwamba hiyo ni hadithi ya ziwa anamovulia sato baba yake.

Sangara hakuwamo katika ziwa letu, Ziwa Viktoria. Aliletwa na watu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa nia njema kama kawaida: samaki mkubwa, nyama nyingi, awale furu wadogo walioonekana hawana faida. Kwa miaka karibu 20 alikaa kimya. Halafu, katika miaka ya 1980, akalipuka. Sangara jike mkubwa anatoa mayai kwa mamilioni. Furu jike anatamia mayai machache mdomoni mwake, hali wala hapumziki mpaka watoto waweze kuogelea. Weka hao wawili kwenye maji mamoja, ongeza maji yanayochafuka na kupungukiwa hewa, utajua nani atabaki. Spishi za furu zipatazo 200 hazikuonekana tena.

Sehemu inayonikosesha usingizi ndiyo ile ya bunduki. Sisi watu wa samaki tunapiga kelele mwaka mzima kuhusu uvuvi uliokithiri wa sangara, na tuna haki ya kupiga kelele. Lakini sangara wakubwa walipopungua kwa kuvuliwa mno kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya furu tuliodhani wametoweka walianza kuonekana tena kwenye nyavu. Nyavu zile zile tunazozilaani ziliwapa furu pumzi. Jaribu kuliandika hilo kwenye ripoti bila mtu kukuuliza uko upande gani. Leela akiwa ameshika bunduki, uso umemshuka, yuko upande gani? Katuni haikumtafutia jibu, nami nawashukuru waandishi kwa hilo.

Nakiri Bender kujiona pengwini baada ya kuzimika na kuwaka upya kunakwenda mrefu kuliko mzaha wenyewe. Hapo kidole kingeruhusiwa.

Ya pili ni The Deep South, ya 2000. Hii hata watu wazima wanaidharau, kwa sababu Fry anampenda nguva, na hadithi za nguva tumeshasikia za kutosha. Nguva muache. Tazama kabla yake, jamaa wanapokwenda kuvua baharini, samaki mkubwa kupita kiasi ananasa kwenye mshipi wa Bender usiokatika, na kuivuta meli nzima hadi chini. Wakiwa wanazama, Profesa anaulizwa chombo chao kinaweza kuhimili kanieneo, yaani mgandamizo, ya angahewa ngapi. Anajibu kwamba ni chombo cha angani, kwa hiyo ni kati ya sifuri na moja.

Mzaha wa sekunde tano, na fizikia yote imo ndani yake. Kwenye usawa wa bahari tayari una angahewa moja juu yako, na kila mita kumi za maji zinaongeza nyingine moja. Maana yake chombo cha Profesa kimeshamaliza uwezo wake kabla hakijalowa. Ila sisi tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa Mwanza haifiki moja kamili. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari: kingezama kwetu, kingekuwa na nafasi ya mita moja na kidogo kabla ya kufika kikomo. Yaani mpaka kiunoni au kifuani kwa mvuvi anayesukuma mtumbwi. Nilimwonyesha mpwa wangu hesabu hiyo kwa fahari kubwa. Akaniuliza kama nimekula.

Mtu aliyewahi kuona sangara akivutwa haraka kutoka kina kirefu hawezi kupuuza mambo ya kanieneo. Bondo lake, yaani mfuko wa hewa tumboni, lile lile linalonunuliwa kwa bei ya kutisha kuliko minofu, linatanuka kwa gesi na kusukuma utumbo, wakati mwingine tumbo linatokeza mdomoni. Fry alihitaji kidonge kwenda chini salama. Sangara alihitaji kidonge cha kuja juu. (Jinsi kidonge cha Fry kinavyotumiwa sitaeleza hapa, mama yangu anasoma blogu hii.)

Na humo humo kuna nyumba ya Zoidberg inayoungua moto chini ya bahari. Anauliza imewezekanaje. Bender anaokota sigara yake kwenye majivu, anasema kumbe aliiacha hapa. Hermes, karani wa kampuni, analalamika kwamba hilo linaongeza maswali tu. Sina la kisayansi la kusema. Ni mzaha bora tu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae niandike. A Clockwork Origin, ya 2010. Profesa anabishana na Dakta Banjo, orangutani msomi asiyekubali mageuzi ya viumbe. Kila akionyeshwa kiungo kati ya nyani na mtu, anadai kiungo kingine kilicho katikati. Profesa anasusa, anahamia sayari tupu, anamwaga viroboti vidogo visivyoonekana kwa macho ili vimsafishie maji. Kesho yake viroboti vimegeuka viumbe vya majini, kesho kutwa dinosaria wa chuma, halafu watu wa pangoni, halafu roboti wastaarabu wenye mahakama, na wanamshtaki Profesa kwa kudai kwamba yeye ndiye aliyewaanzisha.

Lalamiko ninalolisikia kila mara: haraka mno, sayansi gani hiyo, siku mbili tatu? Hapo ndipo nasimama. Mageuzi hayahesabu siku wala miaka, yanahesabu vizazi. Kiroboti kinachojinakili kwa sekunde kimepitisha vizazi vingi usiku mmoja kuliko tembo tangu zama za mababu zetu. Na kama bado ni haraka mno, njoo hapa ziwani. Ziwa hili lilikauka, na maji yakarudi yapata miaka 15,000 iliyopita. Tangu hapo furu wamegawanyika na kuwa spishi zaidi ya 500: wala konokono, wakwangua mawe, wala samaki wenzao, hata wanaokula mayai na watoto wa furu wengine. Kwenye visiwa vya mawe vya ghuba yetu kuna furu mwekundu anayeitwa Pundamilia nyererei, ndiyo, jina la Mwalimu, na nduguye wa buluu anayeishi juu zaidi kwenye mwanga. Majike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu hawaoni vizuri, wanachanganyika, na mstari kati ya spishi mbili unafutika.

Kuna pia furu wa Ghuba ya Mwanza aliyekaribia kumalizwa na sangara, akarudi akiwa na matamvua makubwa zaidi ya kupumulia kwenye maji yenye hewa haba, na anakula mawindo makubwa kuliko babu zake. Miaka isiyozidi 20. Kuna mitumbwi pale mwaloni iliyozeeka kuliko mabadiliko hayo.

Kosa langu na episodi hii ni jingine kabisa, na silisikii kwa wanaoiponda. Imepanga mageuzi kama ngazi: wa majini, dinosaria, mnyama, mtu. Ngazi moja, kila mmoja akimpisha mwenzake. Ziwa halifanyi hivyo. Ziwa ni kichaka, matawi yanakwenda kila upande, na kamongo bado yumo kwenye matope anavuta hewa kwa mapafu, hajampisha mtu. Tena ile hadithi ya pembeni ya Zoidberg kulea mtoto wa Profesa ni dhaifu, tukubaliane. Lakini mwisho, Profesa na Banjo wanaporegeza kamba kila mmoja kidogo, nilikumbuka mabishano kadhaa ya kwenye daladala ya kwenda Igoma ambayo hayakuisha kwa adabu hiyo.

The Problem with Popplers sitaitetea hapa, haina maadui wengi. Watu wanakula kitafunwa kitamu mpaka kinafumbua macho na kumwita Leela mama, na kumbe ni watoto wa viumbe wengine. Niliiona mara ya kwanza jioni ya siku niliyopima ndoo nzima ya sangara walio chini ya sentimita 50, ambao sheria inakataza kuvuliwa. Sikula samaki siku hiyo. Nilikula ugali na mlenda.

Jumamosi iliyopita nilificha rimoti chini ya mto. Mpwa wangu aliitazama A Clockwork Origin yote, amenuna, mikono kifuani. Ilipoisha akauliza kama kweli kuna samaki anaitwa Nyerere. Nikamwambia kesho asubuhi tupande mtumbwi nimwonyeshe. Akasema sawa mjomba, lakini sasa weka ile ya mbwa.