Springa ni Jina Moja, Mbwa Wawili

Wiki iliyopita Mswahili mwenzangu anayeishi hapa Uingereza alinipigia simu. "Mwalimu, nimepata mtoto wa springa, yule mbwa wa kuwinda wa jamii ya spanieli, wazazi wake wote wana vyeti. Utanifundishia awe wa kuwinda?" Nikamuuliza: vyeti vya jukwaani, yaani maonyesho ya urembo, au vya porini, yaani mashindano ya kuwinda? Kimya.

Katika karne ya 19 springa na koka, spanieli mwingine mdogo, walizaliwa tumbo moja. Mizani ndiyo iliyowatenganisha: asiyefika ratili 25, kama kilo 11, aliitwa koka, ndugu yake mzito akaitwa springa, kwa kazi ya kukurupusha ndege vichakani. Kennel Club ya London, chama cha kuandikisha mbwa kilichoanzishwa 1873, iliwaandikisha kila mmoja kivyake, springa akiingia daftarini 1902. Mashindano ya porini ya spanieli yalikuwa yameanza 1899. Wafugaji wa jukwaani wakachagua kichwa, masikio marefu na manyoya ya kutiririka. Wa porini wakachagua pua, pumzi na utii.

Jukwaa silidharau. Koka wa mfugaji H. S. Lloyd walitwaa taji kuu la Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa Uingereza, mara 6 kati ya 1930 na 1950, na mbwa asiye na mwendo mzuri hafiki pale. Lakini mtazame spanieli aitwaye field: alirefushwa mgongo na kufupishwa miguu kwa ajili ya maonyesho mpaka hakufaa tena kichakani, na nusura mbegu yake ipotee.

Sasa kuna suala la mkia. Springa akinusa harufu ya ndege mkia hautulii, unapigapiga miiba mpaka unachanika. Tangu 2007 kukata mikia kumekatazwa England, ila mbwa wa kazi wameruhusiwa: daktari wa mifugo aukate kabla mtoto hajapita siku 5. Na aliyekatwa tangu hapo haruhusiwi kuonyeshwa pale watazamaji wanapolipa kiingilio. Yaani uamuzi kati ya jukwaa na pori huweza kufanywa kabla mtoto hajafumbua macho!

Porini, mbwa husaka kulia na kushoto mbele yako, asizidi mita 30 hivi, maana ndege akiruka mbali zaidi bunduki haimpati vizuri. Wengi hudhani kazi ngumu ni kumtafuta ndege. Hapana, ngumu ni kukaa chini ndege anaporuka, bila kumkimbilia. Jike wangu Pilipili alipotumbukiza kichwa kichakani, fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, akalipuka karibu amguse pua. Mwili mzima ulitaka kukimbia, nikauona mguu wa mbele ukitetemeka. Akakaa. Akamfuata ndege kwa macho tu, bunduki ikalia, bado amekaa, mpaka nilipomtuma. Alimleta mkononi mwangu bila unyoya kuvunjika. Miezi 14 ya firimbi ilikuwa ndani ya ile sekunde moja, na koo lilinikaba kwa furaha.

Yule ndugu alipiga tena jana. Vyeti ni vya jukwaani, pande zote mbili. Sikumkatisha tamaa, maana nimeona springa wa jukwaani ambao pua zao hazijalala. Amlete akitimiza miezi 6. Nitaficha mpira wa tenisi kwenye majani marefu, upepo ukitujia usoni, halafu tumwachie.