Bustani ya makao ya wazee ipangwe kuanzia Januari

Kila mwaka sikukuu zikikaribia, simu yangu haitulii. Mara ni kwaya, mara ni kijiwe cha bodaboda, mara ni wanaukoo waliorudi Moshi kula Krismasi, na wote wana wazo moja: twende tukatengeneze bustani ya makao ya wazee, tupande maua, tupande miti. Wazo hilo nalipenda kwa moyo wote. Bustani ndiyo kazi inayonilisha, na sehemu kubwa ya ninachokijua nilifundishwa na wazee. Lakini swali langu la kwanza kwa kila anayepiga huwa ni hili: Januari nani atamwagilia?

Aliyekulia huku ananielewa mara moja. Vuli hunyesha Novemba hadi Desemba, tena si ya kutegemea kama masika. Ikiisha, Januari na Februari jua linawaka na ardhi inapasuka, na mvua ya uhakika haionekani mpaka Machi. Mche uliopandwa tarehe 27 Desemba unaingia kwenye ukame huo kabla mizizi haijashika. Wakati huo waliopanda wameshapanda basi kurudi Dar es Salaam, na makao yamebaki na mhudumu mmoja wa nje ambaye ndiye huyo huyo anayefungua geti, anayepasua kuni na anayewapeleka wagonjwa hospitali. Mimi bustani nzima naipanga kuanzia kwa mtu huyo. Ana nafasi ya kubeba ndoo ngapi kwa siku, juu ya kazi zake nyingine zote?

Tufanye hesabu. Kitanda cha mboga chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2 wakati wa kiangazi kinataka takriban lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 18, yaani ndoo kubwa moja karibu ijae. Vitanda vinne ni ndoo nne kila siku. Weka na miche kumi ya miti, kila mche ndoo moja mara mbili kwa wiki, unapata ndoo 20 zaidi. Jumla ni ndoo 48 kwa wiki, karibu saba kila siku, na ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji. Kama bomba liko nyuma ya jiko na vitanda viko mbele ya jengo, hakuna mhudumu atakayeifanya kazi hiyo mpaka Machi, na wala hana kosa.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata ua moja, pesa ya kwanza iende kwenye maji. Vuteni bomba hadi katikati ya bustani, nunueni mpira unaofika kitanda cha mwisho, na kama bajeti inaruhusu wekeni tanki la kukingia mvua. Bati lenye eneo la mita za mraba 100 likipata milimita 10 tu za mvua linashusha karibu lita 1,000. Tanki lifunikwe vizuri, mbu wasizaliane. Halafu punguzeni kiu yenyewe: tandazeni majani makavu ya migomba juu ya udongo, ila yasigusane na shina la mche, yataliozesha. Migomba yenyewe ipandwe pale maji ya kuoshea mboga na vyombo yanapotokea jikoni. Mgomba wa mchare mahali hapo hauhitaji ndoo ya mtu, na wazee watapata mtori.

Baada ya hapo ndipo tunazungumzia tarehe. Wageni wa Desemba nawapa kazi zisizokauka: njia, mabenchi, vitanda vya kuinuliwa, bomba, kivuli cha mabati. Kupanda nakusogeza hadi masika yalowanishe ardhi kwelikweli, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Mara nyingi ni mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Ikibidi kupanda kwa vuli, basi iwe Novemba mapema na miche iwe michache. Wapo wanaonuna, kwa sababu kila mtu anataka kushika mche na kupiga picha. Kumsukumisha toroli la zege mtu aliyekuja na fulana mpya si jambo rahisi, lakini njia nzuri itamfaa mzee muda mrefu kuliko ua lolote.

Na kwenye njia ndiko ninakotumia muda wangu mwingi. Ukifika kwenye makao, omba kiti mwendo, mkalishe mwenzako, kisha msukume kutoka kitandani mwa mzee mpaka mahali mnapotaka bustani iwe. Usikadirie kwa macho, sukuma. Utakutana na kizingiti ambacho hukukiona ulipopita kwa miguu, utakutana na mfereji wa maji ya mvua, utakutana na kona ambayo kiti hakigeuki. Andika kila mahali mlipokwama. Orodha hiyo ndiyo ramani ya kazi yenu.

Njia ya kiti kimoja iwe na upana usiopungua sentimita 90, na pale viti viwili vinapopishana au kugeuka iwe mita moja na nusu. Mteremko usizidi moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Mafundi wengi hufupisha hapo ili kuokoa saruji, na matokeo yake kiti kinamkimbia mhudumu. Simama na futi yako mpaka zege limwagwe. Zege lipigwe ufagio kabla halijakauka, lipate mikwaruzo ya kushika gurudumu na ndala. Kokoto zisizoshindiliwa zinazamisha magurudumu na fimbo, moramu tupu inageuka tope mwezi wa nne, na vigae vinavyong'aa vikilowa ni mfupa wa nyonga uliovunjika. Pembeni mwa njia panga mawe yaliyopakwa chokaa, kwa sababu macho ya uzeeni hayatofautishi vizuri zege la kijivu na udongo mweusi. Pia epuka kuweka kipande cheusi katikati ya njia nyeupe. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kukiona kama shimo, akagoma kukikanyaga.

Kwa hao wenye kusahau, njia izunguke na kumrudisha mtu mlangoni alikotokea. Njia inayoishia ukutani humfanya asimame pale akihangaika, hajui ageuke vipi. Mabenchi yawe karibu karibu, kila baada ya mita kumi hivi, yenye urefu wa kukalia wa sentimita 45, yenye mgongo, na yenye mikono ya pembeni ya kushikia anapoinuka. Benchi la zege lisilo na mikono ni la vijana. Na benchi lipate kivuli. Miashoki inayopandwa kila mahali siku hizi ni mirefu na imenyooka, inapendeza getini, lakini mzee aliyekaa chini yake anaungua. Mparachichi au mwembe utachukua miaka, hivyo anza na paa dogo la bati au mtambaa wa pasheni juu ya fremu ya mabomba, huku mti ukikua.

Vitanda vya kuinuliwa vinapendwa sana na wanaojitolea, na ni vizuri kweli, lakini hesabu udongo kwanza. Kitanda kile cha mita 3 kwa 1.2, kikiinuliwa sentimita 60 ili mtu wa kiti mwendo akifikie, kinameza mita za ujazo zaidi ya mbili. Kwa toroli la lita 60 hizo ni safari 36, kwa kitanda kimoja! Jaza theluthi ya chini kwa mawe na kokoto, maji yapate pa kutokea, kisha udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva. Samadi mbichi inaunguza miche na inajaza nzi kwenye dirisha la mtu mgonjwa. Upana wa mita 1.2 ni kwa kitanda kinachofikiwa pande zote mbili. Kikiegemea ukuta, usizidishe sentimita 60, mkono wa mzee hautafika mbali zaidi.

Nini kipandwe? Waulizeni wenyewe, na muwaulize mkiwa mmekaa nao, si mkiwa mmesimama mlangoni na karatasi. Kwenye makao fulani hapa Moshi, vijana walikuwa wanapanga miche ya mnafu kwa kamba, mmoja mmoja, imenyooka kabisa. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, akamwita msichana aliyeshika kamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huo mnafu mmeupanga kama askari, mtakula lini? Mwageni mbegu. Ukiota, ng'oeni uliobanana tupike, unaobaki tuuchume."

Alikuwa sahihi kabisa. Kwa njia yake mboga ya kwanza inapatikana mapema, na kazi ya kung'olea inafanywa na mtu aliyekaa. Kitanda kile kikakabidhiwa kwake tangu siku hiyo, na mhudumu akawa anaulizwa maji na bibi, si na msimamizi. Ulinzi wa bustani unapatikana hivyo: kila kitanda kiwe na mzee wake anayekidai.

Mimi napenda sana mimea ya kushikwa na kunuswa: mchaichai kando ya benchi, mnanaa, rozimeri, mrehani, asumini karibu na dirisha. Mchaichai ni wa chai ya jioni, na rozimeri ikishashika inavumilia kiangazi. Kwa mpaka, masale. Kwa Wachagga masale ni alama ya mpaka na ni jani la kuombea msamaha, kwa hiyo siku ya kusafisha msiyaguse kwa panga mpaka mmemuuliza mwenyeji. Mnaweza kufyeka kitu ambacho babu mmoja anakiangalia kila asubuhi.

Na kuna vya kukataa hata mkipewa bure. Mnyaa una utomvu unaoweza kupofusha jicho. Oleanda, pamoja na ile ya maua ya njano, ni sumu mmea mzima. Maua meupe yanayoning'inia kama tarumbeta ni sumu pia, na difenbakia ikitafunwa inavimbisha mdomo na koo. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kutia chochote mdomoni. Boganvilia na waridi vikae mbali na njia, ngozi ya uzeeni ikichanika haifungi haraka. Fikasi isisogee karibu na shimo la maji taka wala msingi wa nyumba.

Wako pia wasiotoka kitandani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa 23 ambao dirisha lao lilitazama miti aliwalinganisha na 23 waliotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo ingieni vyumbani, kwa ruhusa, inameni mpaka kichwa kiwe usawa wa mto, mtazame nje. Mkiona ukuta tu, hapo ndipo mti mmoja wa maana unapotakiwa, hata kama hautaonekana kutoka barabarani.

Siku yenyewe ya msaragambo, watu wasizidi zana. Watu arobaini na toroli mbili ni watu thelathini waliosimama. Gawaneni vikundi vya watu sita hadi wanane, kila kimoja na kiongozi wake, kazi yake moja na zana zake zilizohesabiwa: majembe, sululu, koleo, reki. Buti na glovu si anasa, na mwenye kushika samadi ahakikishe ana chanjo ya pepopunda. Mwenye mafua abaki nyumbani. Anzeni saa moja asubuhi, muziki uzimwe kabisa wazee wanapolala mchana, na mje na mpishi wenu, msilibebeshe jiko la makao mzigo wa chakula chenu. Ruhusa ya kazi nzima iombwe mapema kwa msimamizi, na kwa makao ya serikali kupitia ofisi ya ustawi wa jamii.

Picha za wazee zina sheria. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni yake hata akiwa hana ndugu wa kumtetea. Aliyekubali apigwe picha, aliyekataa aachwe, na asiyeweza kuelewa anachoulizwa asipigwe. Pigeni picha za njia.

Mwisho, kwenye bajeti tengeni bili ya maji ya Januari na Februari, na mumlipe mhudumu kitu juu ya mshahara wake kwa miezi hiyo, mbele ya msimamizi. Chagueni watu wawili wanaoishi Moshi, wasio wa kusafiri, wapite kila Jumamosi ya pili: waangalie mpira haujatoboka, waongeze matandazo, waandike mche upi umekufa na uko wapi. Orodha hiyo waniletee katikati ya Machi, tuagize miche ya kuziba mapengo kitaluni kabla mvua haijakolea.