Ruzuku ya Sanaa: Maombi Hukwama Kwenye Bajeti na Kalenda

Kila dirisha la ruzuku likifungwa, lawama hapa Dodoma ni ileile: wanapewa wanaojuana. Ukweli ni kwamba andiko la maombi linaweza kuenguliwa kabla wazo lake la sanaa halijajadiliwa.

Kwanza tutenganishe mambo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) ni mkopo usio na riba, na unarejeshwa. Ruzuku hairejeshwi, lakini si zawadi. Ina mkataba, na fedha iliyotumika nje ya mkataba hudaiwa.

Bajeti ndiyo huangusha wengi. "Mafunzo ya ngoma ya muheme, sh 2,000,000" haitoshi. Andika: walimu 2 × siku 12 × sh 30,000 = 720,000; nauli na chakula, washiriki 20 × siku 12 × sh 5,000 = 1,200,000. Jumla 1,920,000. Hizo 80,000 zilizobaki ni za nini? Kama ni ngozi za kuwambia ngoma, taja idadi na bei, uambatishe ankara kifani (makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji). Kujaza "dharura" ili hesabu ifike namba ya mviringo hakusaidii.

Jina la akaunti ya benki lifanane na la cheti cha usajili, neno kwa neno. "Kikundi cha Sanaa" kwenye cheti na "Kikundi cha Ngoma" benki ni taasisi mbili machoni pa mhasibu. Watia saini wasiwe wa familia moja.

Fedha ikitolewa kwa awamu, awamu ya pili husubiri hesabu za matumizi ya awamu ya kwanza, pamoja na vielelezo vyake. Dukani dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi). Fundi wa zeze kijijini hana mashine hiyo, na hilo halimzuii kulipwa: jaza hati ya malipo yenye jina, kazi, kiasi, tarehe, simu na saini au dole gumba, siku ileile ya malipo. Hati kumi zilizojazwa usiku mmoja kwa mwandiko mmoja zinatambulika, na zinaweza kusimamisha mradi mzima.

Sasa, "kushirikisha jamii." Barua ya mtendaji yenye mhuri haitoshi. Kinachohitajika ni muhtasari wa kikao na mahudhurio, unaoonyesha wanakijiji walisema nini na andiko likabadilishwa wapi. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpango ulioandikwa na wanaume watatu mjini bila kumuuliza mpigaji hata mmoja hauna ushirikishwaji wowote.

Halafu kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Mazoezi ya Januari huko Chamwino au Bahi yatakosa watu, maana wako shambani. Anza baada ya mavuno, na kama mkataba umechelewa kusainiwa, omba kwa maandishi kusogeza tarehe kabla ya kutumia hata shilingi moja.