Grazia wa Lampedusa si mgonjwa wa kutafutiwa jina

Kila nikiwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya Kiitaliano Respiro, taa zikishawashwa tu swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, huyu mama anaumwa nini?" Na hawakosi wawili watatu wa kumjibu mwenzao kabla yangu, kila mmoja na jina lake la ugonjwa. Nimeifundisha filamu hii mara nyingi, na sasa naamini swali hilo limepandwa makusudi na mwongozaji, Emanuele Crialese, na kwamba hakukusudia tulipatie jibu. Namna alivyolipanda ndiyo inayonirudisha kwenye filamu hii kila mwaka.

Respiro ilitoka mwaka 2002, ikatwaa tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo. Ilipigwa Lampedusa, kisiwa cha Italia chenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 20, kilicho karibu na Tunisia kuliko Sicily. Wengi wetu jina hilo tulilisikia kwenye habari za boti za wahamiaji, hasa Oktoba 2013, walipozama watu zaidi ya 360 karibu na ufuo wake. Kwenye filamu hii kisiwa ni cha wavuvi. Wanaume wako baharini, wanawake wako kiwandani wakifungasha samaki, na watoto wa kiume wanazurura makundi makundi kwenye mawe makavu, wakiviziana, wakipigana na kuvuana suruali. Mti wa kukupa kivuli huuoni.

Humo ndimo anamoishi Grazia, mke wa mvuvi Pietro, mama wa Marinella, Pasquale na Filippo. Valeria Golino anamwigiza kama mtu ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kuliko za wenzake. Leo anacheka, anavua nguo na kujitosa baharini mbele ya wanawe. Kesho kitu kinampanda, anapiga kelele na kujitupa huku na huku, na ndugu wanamkamata achomwe sindano ya kumtuliza humohumo nyumbani. Ukoo unakaa na kukubaliana: apelekwe Milano, jiji la mbali kaskazini mwa Italia, akaonwe na mtaalamu wa magonjwa ya akili.

Huyo mtaalamu wa Milano hatumwoni hata mara moja. Filamu nzima haina mtu mwenye elimu ya tiba anayekaa na Grazia akamsikiliza. Hukumu inatoka jikoni, kiwandani na barazani, kwa watu wanaompenda na waliochoka naye. Kwa mtazamaji wa Italia neno Milano lina kivuli kizito, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na hospitali za vichaa ambako mtu aliweza kuingia na asitoke, mpaka Sheria namba 180 ya mwaka 1978, tunda la harakati za daktari Franco Basaglia, ilipoamuru zifungwe. Crialese hatuambii hadithi yake ni ya mwaka gani. Tunabaki na hofu ya Grazia tu, na hofu hiyo haihitaji tarehe.

Lakini nawaomba wanafunzi wasikimbilie upande wa pili, wa kusema kwamba mama huyu ni mzima kabisa na kijiji ndicho kinachoumwa. Yale mashambulizi yanayompata ni maumivu ya kweli. Ukiyafuta, unamfanya Grazia pambo la uhuru, na Golino hakuigiza pambo.

Tukio la mbwa ndilo ninalokaa nalo muda mrefu darasani. Mbwa wasio na mwenyewe wamefungiwa mahali pamoja, wanabweka. Grazia anawafungulia. Wanamwagika mitaani, na wanaume wanapanda juu ya mapaa na bunduki, wanawapiga risasi mmoja mmoja. Hakuna anayetamka kwamba mbwa hao na Grazia ni jambo moja, na uzuri wa tukio uko hapo. Mwongozaji mwenye haraka angetuwekea sura ya Grazia kila baada ya risasi.

Kinachowapita wanaotegemea maandishi ya tafsiri ni lugha. Wenyeji wanazungumza Kisicilia. Pier Luigi, polisi kijana aliyetoka bara na kumpenda Marinella, anazungumza Kiitaliano cha shuleni, na kila akifungua mdomo anajulikana kuwa mgeni. Anayemkabili zaidi ni Filippo, kitoto kidogo, anayemfokea polisi mwenye sare na kumlinda dada yake kama mali ya baba. Aliyemwigiza, Filippo Pucillo, ni mtoto wa Lampedusa hasa, na miaka tisa baadaye Crialese alimpa nafasi kuu katika filamu yake Terraferma. Watazamaji hucheka wakimwona. Mimi namwona mzee wa kijiji mwenye umri wa mtoto.

Pasquale, kaka yake, ameumbwa kwa undani zaidi. Huyo anaona aibu mama yake anapovua nguo, na huyohuyo anamficha pangoni ili asipelekwe Milano. Anamletea chakula, ananyamaza kijiji kizima kinapomtafuta. Gauni linakutwa baharini, watu wanaamini amezama, na Pietro anashusha sanamu ya Bikira Maria chini ya maji. Wengi huliona pango hilo kuwa uhuru. Sikubaliani. Mwana aliyemficha mama yake asifungiwe mbali, naye amemfungia, tena kwenye shimo la mawe, akila kile anacholetewa. Grazia anapumua vizuri mahali pamoja tu, ndani ya maji, na Pasquale hana njia ya kumpa bahari.

Jina la filamu lenyewe linasema hivyo. Kwa Kiitaliano respiro ni "pumzi", na pia ni "ninapumua". Nikiambiwa nilitafsiri nitachagua la pili, kwa kuwa lina mtu ndani yake.

Crialese alichukua kiini cha hadithi kutoka kwenye masimulizi ya kisiwani kuhusu mwanamke aliyeonwa kichaa, akatoweka akiacha nguo ufukweni, kijiji kikaomba naye akarudi. Ndiyo maana mwisho wake unafanana na muujiza. Mioto imewashwa ufukweni usiku, Pietro anamwona Grazia majini, anamfuata, na watu wa kijiji wanaingia baharini nyuma yake. Kamera inashuka chini ya maji na kutazama juu. Hapo huwa nasimamisha picha na kuwaomba wanafunzi wanionyeshe mguu wa mama mkwe ni upi, wa mpiga mbwa ni upi, wa Grazia ni upi. Hutafuta sana. Miguu yote inachezacheza kwenye maji yaleyale, nguo zimefumuka, na nyuso ziko juu ya maji, ambako kamera haikwenda.