CorelDRAW ya zamani kwenye Windows 11: anza na leseni, kraki achana nayo

Tangu Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, dawati letu la ushauri wa TEHAMA kwa biashara ndogo hapa Mombasa linaletewa lalamiko lile lile na wachapishaji wa Digo Road, wachora mabango wa Mwembe Tayari na mafundi wa stika za matatu. Laptopu ni mpya, ina Windows 11, na CorelDRAW, programu ya kuchorea michoro, haikubali. Au imekubali, lakini menyu zote ni nyeupe tupu. Tunajua wengi wao wana nia njema. Wanataka kuendelea na programu waliyoizoea. Kinachowaponza ni ushauri wa mtaani wa kutumia kraki, yaani faili la kukwepa leseni ya programu.

Kompyuta yako si mbovu. Windows 11 ni ya biti 64 pekee (biti ni kipimo cha kizazi cha programu: 16 ni za zamani zaidi, 64 ni za kisasa): inaendesha programu za biti 32, lakini za biti 16 haizitambui kabisa, na diski nyingi za miaka ya 1990 zina kisakinishi cha biti 16 hata pale programu yenyewe ilipo ya biti 32. Hiyo kwa kawaida haitafunguka moja kwa moja kwenye Windows 11, umwite fundi gani. Wenye Mac wajue kwamba macOS Catalina ya 2019 iliziondoa programu zote za biti 32.

Matoleo yaliyokuja baada ya hayo, kama CorelDRAW X4 ya 2008 au Photoshop CS5 ya 2010, mara nyingi husakinishika yakipewa kinachokosekana. Washa .NET Framework 3.5, kijenzi ambacho programu za zamani hukitegemea, kwenye vipengele vya Windows, kwani huja ikiwa imezimwa. Pakua pia vijenzi vya Visual C++ vya 2005 na 2008 kutoka Microsoft kwenyewe. Nakili diski yote kwenye folda, bofya kulia faili la setup, ingia Properties, kisha Compatibility, chagua Windows 7 na uweke alama ya kuendesha kama msimamizi. Programu ikishaingia, rudia hatua hizo hizo kwenye ikoni yake, maana mpangilio wa kisakinishi hauhamii kwenye programu. Hapa ndipo wengi hukwama, kisha husema Windows imewakataa.

Mashine za kukatia stika zina shida yake. Draiva kuukuu, yaani programu inayounganisha mashine na kompyuta, huweza kuzuiwa na kinga ya Windows iitwayo Memory Integrity. Usiizime. Tafuta draiva mpya kwa mtengenezaji, na ikikosekana, iache kompyuta ya zamani iendeshe mashine hiyo tu, bila intaneti.

Kuwa na diski halali pia si hakikisho. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, walizima seva za kuamilisha (kuthibitisha leseni ya) matoleo ya CS2 miaka mingi iliyopita, kwa hivyo namba uliyoilipia inaweza kukataliwa bila kosa lako. Kama seva za programu yako bado zipo, ondoa uamilishaji kwenye kompyuta ya zamani kabla ya kuifuta.

Sasa kraki. Tumefungua laptopu ya duka moja tukakuta Windows Security imezimwa, na folda nzima ya programu imewekwa kwenye orodha ya visivyokaguliwa ili kraki ipite. Pembeni yake palikuwa na folda ya vitambulisho vya wateja, pande zote mbili, pamoja na picha zao za pasipoti. Watu hao hawakukubali hatari ya data yao kuibwa.

Tumechoka kuambiwa kwamba biashara ndogo haiguswi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu mwenye programu halali kuweka nakala ya akiba, nayo aiharibu umiliki wake ukikoma. Anayetengeneza nakala haramu za kuuza yuko hatarini kupigwa faini isiyozidi shilingi 400,000, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Kamishna wa Data anaweza kumtoza anayeikiuka hadi shilingi milioni 5, au kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kinachochukuliwa kikiwa kile kilicho kidogo. Biashara nyingi zenye mapato yasiyofika milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 zimesamehewa kujisajili. Zimesamehewa usajili tu. Wajibu wa kulinda data ya mteja uko pale pale.

Programu ikigoma kabisa, VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, ni ya bure: weka ndani yake Windows ya zamani yenye leseni, ukate mtandao. Inkscape, programu ya michoro ya bure pia, hufungua faili nyingi za CDR (za CorelDRAW), ingawa fonti huweza kubadilika. Kwa hivyo, kompyuta ya zamani ikiwa bado inawaka, hifadhi kila kazi ya mteja kwa PDF, geuza maandishi kuwa michoro kwenye nakala ya pili, na ujaribu kufungua chache kwenye mashine mpya kabla hujaiuza ile ya kwanza.