Mtaa wa mita sita: kabla hamjamwaga zege, nisikilizeni kidogo

Kazi yangu ni kuchora mitaa. Nimesomea mipango miji, na miaka ya karibuni nimejikita kwenye vile vimitaa vya ndani vya makazi ambavyo gari mbili zikikutana lazima mmoja arudi rivasi. Juzi kanipigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa mmoja huku Kijitonyama, anasema wakazi wamechangishana hela wanataka wamwage zege ukuta hadi ukuta waachane na tope, yeye shida yake nimpigie tu hesabu ya mifuko ya simenti. Nikamwambia mwenyekiti naomba msinunue hata mfuko mmoja, nakuja. Nimeenda, nimeshinda pale siku tatu, na niliyowaambia nayaandika hapa kwa sababu mitaa ya hivi Dar iko kila kona, Sinza, Mwananyamala, Magomeni, Tabata, Temeke, na najua wengi sahivi wako kwenye hatua hiyohiyo ya kuhesabu mifuko.

Mtaa wenyewe una mita sita na ushee kutoka ukuta huu hadi ule, urefu kama 120. Siku ya kwanza sikufungua hata tepu, nilikaa tu kwenye kistuli pembeni ya genge toka saa kumi na mbili asubuhi. Wanafunzi wanapita, kinamama wanawahi sokoni, kijana na guta lake limejaa madumu ya maji, bodaboda, wanafunzi tena, mzee na fimbo yake anaenda kununua chapati. Gari zinazotoka mageti ya pale ni chache, ukitulia unazitaja moja moja kwa rangi. Lakini ukiangalia ardhi imegawanywaje, gari ndo imepewa yote. Anayetembea anapita kwenye kijimfereji cha pembeni, anaruka chemba iliyofumuka, gari ikija anajibana mpaka mgongo unagusa ukuta. Nilimuona mama mjamzito kamshika mtoto mkono, kafanya hivyo mara mbili ndani ya mita hamsini, na mara ya pili kamgeuzia mtoto uso ukutani ili vumbi lisimuingie machoni. Mi hiyo picha ndo nachora nayo.

Sasa, watu wakisikia mtaa mwembamba wazo la kwanza ni upanuliwe, kuta zirudi nyuma, zipigwe X nyekundu. Mi nakataa. Wembamba wa mtaa wa makazi ni mali, kwa sababu ndo unaomfanya dereva apunguze bila kuambiwa na mtu. Sheria yetu kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Chukua dereva aliye macho, breki nzima, barabara kavu: akiwa na 50, toka amuone mtoto mpaka gari isimame inakula kama mita 28. Akiwa na 30 inakula kama 13. Kwenye mtaa wa mita 120 ambao watoto wanacheza rede, hiyo tofauti ni maisha ya mtu, na ukimwaga zege laini lililonyooka ukuta hadi ukuta umemwambia dereva akanyage. Alafu baada ya mwezi mnaanza kuchangishana tena ya matuta, na tuta lenyewe bodaboda anapita pembeni yake bila hata kupunguza.

Uholanzi walilifikia hili zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye mji wa Delft walianza kuigeuza mitaa ya makazi iwe kama ua wa nyumba, wanaita woonerf, mtu wa miguu na mtoto anayecheza wanatumia upana wote wa mtaa na gari inaingia kama mgeni, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 1976 wakaiwekea sheria. Nikiwasimulia watu uswahilini wananielewa haraka sana, maana kwetu mtaa ni ua siku zote, msiba ukitokea turubai linafungwa katikati ya njia na hakuna gari inayolalamika, jioni wazee wako barazani, watoto wako kombolela. Tulichokosa ni mtaa uliojengwa kufanana na hayo maisha.

Haya, tuje kwenye mita sita zenyewe. Kitu cha kwanza nilichowaomba wasahau ni kijinjia cha miguu cha pembeni chenye kingo za zege. Kwenye barabara kubwa kinafaa sana, na kwenye shule ni lazima, Dar yenyewe ni shahidi: ule mradi wa SARSAI wa shirika la Amend uliojenga njia za miguu, vivuko na matuta kwenye maeneo ya shule ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI, taasisi ya utafiti ya World Resources Institute, mwaka 2019 na ulianzia hapahapa. Ila kwenye mita sita, ukitoa mita moja huku na moja kule unapata vijinjia viwili ambavyo kila geti linavikata, pikipiki zinapaki juu, kiti cha walemavu hakipiti, na katikati umebakisha barabara ya gari peke yake. Bora sakafu moja, usawa mmoja, haina kupanda wala kushuka, bibi mwenye fimbo na mtoto wa baiskeli wote wanapita wanapotaka.

Alafu unaikata mistari iliyonyooka. Gari la taka, la zimamoto na lile la kunyonya chemba yanahitaji nafasi wazi kama mita tatu na nusu, hiyo haiguswi. Inayobaki usiigawe kulia na kushoto nusu nusu, ikusanye upande mmoja, weka kitalu cha mti chenye upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita nne, ukienda kama mita 20 mbele kingine kiweke upande wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Dereva anaona miti kushoto, kulia, kushoto, haoni mwisho wa mtaa, mguu wenyewe unatoka kwenye mafuta.

Na usijenge kabla ya kujaribu! Siku ya pili tuliazima tairi chakavu kwa fundi wa pancha, tukachora vitalu kwa chokaa, tukapanga tairi kwenye kona za kila kitalu. Saa nne likaja gari la taka, dereva kasimama kashuka kaangalia, karudi kapita taratibu, kwenye kitalu cha tatu tairi la nyuma likagusa. Tukakisogeza karibu mita mbili mbele, likapita. Hiyo mita mbili ingegundulika baada ya kujenga ingekuwa kuvunja na kuchangishana upya. Vijana wa bodaboda nao walikuja juu kwamba tunawafukuza, nikakaa nao, tukakubaliana kijiwe chao kiwe mdomoni mwa mtaa na kipate mti wa kwanza. Wao ndo waliosukuma zile tairi wakati gari limekwama.

Sasa maji, na hapa naomba mnivumilie maana ndo penyewe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mtaa wa mita 120 kwa 6 ni mita za mraba 720. Masika ikikaza, milimita 50 kwa siku si ajabu Dar, kwahiyo ni lita 36,000, simtanki 36 za lita elfu elfu, na hapo sijagusa mabati ya nyumba zote ambayo nayo yanamwaga mtaani. Ukishamwaga zege ukuta hadi ukuta hayo maji yote yanateremka kwa yule jirani wa chini kabisa, na yeye hela ya mchango alitoa kama wenzake. Nilimuomba atuoneshe nyumba yake. Ukutani sebuleni kuna mstari wa maji wa rangi ya chai, unafika usawa wa soketi.

Kwahiyo nimewashauri pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga, badala ya zege la kumwaga. Za unene wa milimita 80, sio zile za 60 ambazo ni za miguu, maana gari la taka litazizamisha. Chini kokoto iliyoshindiliwa kisawasawa, juu yake mchanga, na kwenye maungio mchanga pia, msije mkaziba kwa simenti kwa sababu pale ndo sehemu ya maji inapopenya. Kingo za mwisho zifungwe kwa zege vizuri, pevingi isiyo na kingo inatawanyika kabla ya masika ya pili. Na mteremko uelekee katikati ya mtaa. Mafundi wengi wamezoea mgongo wa barabara, katikati juu pembeni chini, na kwenye mtaa mwembamba mgongo maana yake unayapeleka maji kwenye misingi ya watu. Hapa tunageuza, katikati kunakuwa na mfereji mpana usio na kina, hata kiti cha magurudumu kinavuka bila shida, na maji yanaongozwa kutoka hapo kwenda kwenye vitalu, kinachozidi ndo kinaenda kwenye mtaro mkubwa.

Na vitalu viwe chini ya usawa wa njia. Chini! Natembea Dar nzima naona bustani za mtaani zimeinuliwa kwa tofali mbili tatu, zimepakwa rangi nyeupe na bluu, ni nzuri kwa macho, lakini masika maji yanapita pembeni yake hata tone haliingii, alafu Januari watu wanabeba ndoo kwenda kumwagilia. Shusha udongo sentimita 10 mpaka 15 chini ya pevingi, acha pengo kwenye ukingo, maji yaingie yenyewe.

Wote wanauliza mbu. Swali zuri sana, na jibu ni kupima kabla ya kuchora: chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, uangalie saa. Mbu toka yai mpaka aruke anahitaji karibu wiki au zaidi, kwahiyo maji yakikauka ndani ya siku moja hana nafasi. Yakigoma kukauka udongo ni mfinyanzi, inabidi ulaze bomba lenye matundu chini ya kitalu litoe maji mpaka mtaroni. Shimo letu la juu liliisha jioni ileile, la bonde halijaisha mpaka asubuhi, kwahiyo vitalu viwili vya chini vina bomba. Na mkichimba chimbeni kwa mkono, mabomba ya maji mitaani mengi yamelazwa juujuu, na chemba na mashimo ya majitaka ya nyumba nyingi yako nje ya geti kabisa. Juu ya chemba usipande mti hata ubembelezwe vipi.

Miti nayo ina mambo yake. Ashoki tumeipanda sana kwa kuwa ni nadhifu, lakini inaenda juu kama mshale, kivuli chake ni cha mtu mmoja. Mwembe naupenda kwa moyo wote ila mtaani kila Desemba ni mawe kwenye mabati. Mkungu ni mti wa Dar haswa, matawi yake yanakaa ghorofa ghorofa, ila unataka nafasi, nimeupa mdomo wa mtaa kwa vijana wa bodaboda. Katikati nimechagua mwarobaini, unavumilia jua na udongo mbaya, unakubali kukatwa matawi ya chini mpaka mita mbili na nusu watu wapite na taa iangaze. Chini ya nyaya za umeme hapana, pale nimeweka vichaka na maua tu, maana mti wa chini ya waya ukishakatwa kichwa mara mbili unakuwa kigogo. Shimo la mti lisipungue mita moja kila upande, na litolewe kifusi chote. Niliwahi kufanya kazi na mkandarasi mmoja aliyemwaga zege mpaka kwenye shina la mwarobaini uliokuwepo zamani, nilivyorudi baada ya mwaka ulikuwa umekauka wote, na wenye mtaa walikuwa wanadhani ni ugonjwa.

Mengine yanaenda haraka. Barua kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iende mapema, kabla ya jembe la kwanza. Mifuniko ya mtaro iwe ya zege, ya chuma inaishia kwa wanunua vyuma chakavu. Mdomo wa mtaa uinuliwe kidogo ukuta hadi ukuta, hapo hata bodaboda hana pembeni pa kukwepea. Kupanda ni Machi masika ikianza, na kila mti uwe na geti lake linalowajibika mpaka kiangazi cha pili kipite.

Kilichobaki ni kitalu cha namba nne, mbele ya nyumba ya bibi mmoja mwenye baraza ya zamani, ya simenti nyekundu. Siku ya mkutano alinisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Mwanangu, majani ya huo mti utakuja kunifagilia wewe?" Nikamwambia shikamoo bibi, hapana, sitaweza. Akasema basi nisimuwekee mwarobaini, na wezi wataukwea waruke ukuta. Nikarudi kwake siku ya tatu na orodha ya miti midogo, akaniambia niiweke mfukoni, yeye anataka mkomamanga, uliokuwepo ulikatwa nyumba ilipojengwa ukuta. Nikamueleza kivuli chake ni kidogo sana. Akasema kivuli anacho barazani, anachotaka ni watoto wa shule wakipita wapate cha kuchuma. Nimeuchora mkomamanga.