"Moyo umetanuka" kwenye eksirei: kilichopimwa ni kivuli

Kauli ya "amepigwa eksirei, moyo umetanuka" nimeisikia mara nyingi mno kutoka kwa ndugu wa wagonjwa, nao siwalaumu. Linalonisumbua ni kuisikia kwa wanafunzi wa utabibu walioanza kujifunza kusoma picha za kifua, wanaoitamka kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Ufafanuzi wake ni mfupi. Kwenye picha ya mtu mzima hupimwa upana wa kivuli cha moyo pale kilipo kipana zaidi, kisha upana wa kifua kwa ndani ya mbavu, na cha kwanza kikagawanywa kwa cha pili. Moyo wa sentimita 14 ndani ya kifua cha sentimita 30 hutoa 0.47, na hiyo ni kawaida. Uwiano ukizidi 0.5, kivuli cha moyo huhesabiwa kuwa kikubwa. Kwa mtoto mchanga hata 0.6 haishtui. Daktari Danzer alikieleza kipimo hiki mwaka 1919, nacho kingali kinatumika kwa kuwa kinahitaji rula tu.

Ila rula hiyo inapima kivuli, na kivuli hutegemea taa imekaa wapi. Weka mkono mbele ya tochi usiku: ukiusogeza karibu na ukuta kivuli kinakaribia ukubwa wa mkono wenyewe, ukiusogeza karibu na tochi kinafunika nusu ya ukuta. Moyo umekaa mbele kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Ndiyo maana mgonjwa anayeweza kusimama huambiwa akumbatie kaseti, yaani bamba linalopokea picha, kifua kikiigusa, na miale humpiga kutoka mgongoni kwa umbali wa takribani sentimita 180. Hiyo ndiyo picha ya PA, yaani ya miale inayotoka nyuma kwenda mbele, na ile nusu ya kifua tunayoitumia kama mpaka ni ya picha hiyo.

Sasa mchukue mgonjwa aliyezidiwa, amelala wodini. Kaseti inapitishwa chini ya mgongo wake, mashine inasogezwa juu ya kifua, mara nyingi kwa umbali wa sentimita 100 hivi. Moyo sasa uko mbali na kaseti na karibu na chanzo cha miale, kwa hiyo kivuli lazima kipanuke. Hii ni AP, miale ikitoka mbele kwenda nyuma. Tena kwa kuwa amelala, tumbo linasukuma kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, juu na moyo unalala kwa upana. Kumpimia mgonjwa huyo uwiano, ukapata 0.56 na ukaandika "moyo umetanuka", ni kumpa ugonjwa uliotengenezwa na mkao wa mashine. Kama herufi hazikuandikwa pembeni, angalia makombe ya mabega: kwenye PA kwa kawaida yamevutwa nje ya mapafu, kwenye AP mara nyingi yanayafunika.

Pumzi nayo ina sehemu yake. Hesabu mbavu za nyuma zinazoonekana juu ya kiwambo upande wa kulia. Zikifika tisa au kumi, mgonjwa alivuta pumzi vizuri. Zikiwa saba, mapafu yamebanwa na moyo umekaa kama umenenepa. Mjamzito aliyekaribia kujifungua na mgonjwa mwenye maji tumboni hupata hali hiyo hiyo bila moyo kuwa na kosa lolote. Kisha tazama ncha za ndani za mitulinga miwili kama ziko mbali sawasawa na uti wa mgongo, maana mgonjwa aliyegeuka kidogo hubadilisha umbo lote la kivuli. Mambo haya yanatangulia rula.

Tuseme picha ni PA safi, pumzi imejaa, na uwiano ni 0.6. Hata hapo bado hujui ni nini kimekuwa kikubwa. Huenda vyumba vya moyo vimetanuka kweli, misuli ikawa dhaifu. Huenda ni maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo, jambo ambalo katika nchi zetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu, na tiba yake ni tofauti kabisa. Kwenye filamu vyote viwili ni weupe uleule.

Upande wa pili wa kosa hili ndio unaoniuma zaidi. Presha ya miaka mingi hunenepesha kuta za chumba cha chini cha kushoto, na unene huo huanza kwa kuingia ndani, hivyo kivuli kinaweza kubaki ndani ya nusu ya kifua wakati moyo umeshaumia. Vali ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyobanwa kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni hukuza chumba cha juu cha kushoto, kilicho nyuma ya moyo, na uwiano ukabaki wa kawaida. Mgonjwa anaambiwa moyo wake ni mzima, anarudi nyumbani akihema kwenye ngazi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, picha ya kitandani ikikuonyesha moyo mpana, andika kwamba ni AP na kwamba ukubwa wa moyo hauwezi kupimwa kwa uhakika, kisha irudiwe mgonjwa atakapoweza kusimama. PA nzuri ikizidi nusu, mwambie mama anayesubiri nje kwamba kivuli cha moyo wa mwanawe kimeonekana kikubwa, na anahitaji eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ili ijulikane kama ni vyumba, kuta au maji. Na kama mgonjwa yumo kwenye dawa za presha, asiziache wakati anaisubiri.